Sababu na Hatia katika Mvua ya Mawe

Katika vilima vya Kericho, na kuteremka hadi mashamba ya Bomet, nchi iliyo jirani mno na Ikweta hata jua la adhuhuri husimama utosini, barafu hushuka kutoka mbinguni. Alasiri mawingu hukusanyika baina ya Ziwa Viktoria na msitu wa Mau, na punde si punde mvua ya mawe huipiga michai, ikararua majani mawili na chipukizi ambayo yangechumwa kesho yake. Na mchumaji, ambaye ujira wake hupimwa kwa kilo, hurejea na kikapu chepesi. Ni mahali pachache duniani panaponyeshewa mawe mara nyingi kama hapo.

Tangu kale aliyepatwa na msiba kama huu huuliza ni nani aliyekosa. Mzee wa Kipsigis, wenyeji wa vilima hivyo, alimwelekea Asis, Mungu wao, kuomba rehema; na Waislamu na Wakristo nao, kila mmoja kwa dua yake, hawakuliacha swali hilo. Nami naliheshimu, kwa kuwa mtu aliyeharibikiwa hatafuti maelezo tu, hutafuta na haki.

Maelezo nayo yalitafutwa. Mwaka 1982 Russell Schnell na Tan-Schnell, wachunguzi wa mambo ya anga, walitoa utafiti wao juu ya majani makavu yaliyoanguka chini ya michai ya Kenya. Ni lazima kufahamu kwanza kwamba tone la maji safi mawinguni laweza kubaki maji hata baridi ikikaribia digrii 40 chini ya sifuri, mpaka lipate kijichembe cha kuanzia kuganda; na bakteria aitwaye Pseudomonas syringae, akaaye juu ya mimea, huweza kuyagandisha maji katika baridi ya digrii chache tu chini ya sifuri. Wachunguzi hao waliona kwamba takataka za michai zina vijichembe vya namna hiyo, wakafikiri kwamba nyayo za wachumaji ndizo zinazovirusha hewani, navyo vikapandishwa na upepo wa mchana mpaka mawinguni. Elimu ya mawingu peke yake isingalifika hapo, wala elimu ya mimea, wala ya vijidudu. Ilibidi tatu hizo ziketi mkeka mmoja.

Basi tazama ajabu yake: kama dhana hiyo ni sawa, mchumaji anayepoteza ujira wake ni sehemu ya sababu ya hasara yake mwenyewe, naye hana hatia hata chembe. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu wa zama za kale, alijadili kama moto ndio unaounguza pamba au ni Mwenyezi Mungu aliye nyuma ya moto. Sisi tuna mjadala mwingine, mdogo kwa kimo lakini mkali kwa maisha, wa kutenganisha anayesababisha na anayestahili lawama.

Schnell huyo huyo, mwaka 1983, aliongoza safari za ndege za kupima ukungu mchafu wa Aktiki, na huko hali imepinduka. Moshi wa viwanda vya Ulaya na Asia husafiri maelfu ya kilomita na kutanda juu ya nchi za Wainuiti, ambao hawakuvijenga viwanda hivyo wala hawakuviwasha. Kericho sababu i karibu na haina hatia. Aktiki sababu i mbali, na hatia, naamini, ipo. Hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha tofauti hiyo, na kwa hiyo wanazuoni wa dini na wa maadili wana haki ya kukaa katika baraza la wapimaji, wala wasingoje kuitwa mwisho kuombea maiti.

Katika baraza hilo ningependa mama mchumaji wa Bomet naye apewe kiti, aulizwe vumbi la majani hupanda saa ngapi na safu zipi hukauka kwanza, maana hayo huyajua kwa miguu yake. Kisha aachiwe nafasi naye aulize, mbele ya wote, ni nani atakayezilipa zile kilo ambazo hazikufika kwenye mizani.