Kumzika Askari wa Vita Usivyovikubali



Safari hii tufikiri pamoja juu ya swali linaloingia katika nyumba zetu nyingi bila kupiga hodi. Kijana ameondoka kambini, amerudi nchini na kushika bunduki, kwa hiari au kwa kulazimishwa. Baada ya miezi kadhaa habari inakuja kwamba ameuawa. Mama yake anaweka matanga, na majirani wanagawanyika. Wengine wanasema, "Twende, ni mtoto wetu." Wengine wanasema, "Tukienda kulia pale, tutakuwa tumebariki vita vilivyotufukuza kwetu." Nani anasema kweli?

Ili tuone vizuri, tutazame mbali kidogo, kwa watu waliokutana na swali hilo kila siku kazini. Nchini Marekani, karibu na mji mkuu wa Washington, kuna makaburi makubwa ya taifa yaitwayo Arlington. Kando yake, katika kambi ya Fort Myer, tangu mwaka 1948 kinakaa kikosi cha askari wa miguu kiitwacho Old Guard. Ndicho kinacholinda Kaburi la Askari Asiyejulikana usiku na mchana, na ndicho kinachowazika pale askari wa nchi kavu kwa heshima za kijeshi. Jeneza hufunikwa bendera, na mara nyingine huvutwa na farasi. Risasi hupigwa hewani mara tatu, tarumbeta hulia, bendera hukunjwa mpaka iwe pembetatu, kisha hukabidhiwa mama au mjane.

Wakati wa vita vya Vietnam kazi hiyo ilikuwa nzito. Mwaka 1968 peke yake Wamarekani zaidi ya 16,000 walikufa kule. Mwaka huohuo kura za maoni zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wananchi waliona kupeleka majeshi Vietnam lilikuwa kosa. Tayari mwezi Oktoba 1967 makumi ya maelfu ya waandamanaji walikuwa wamefika mpaka Pentagon, makao ya wizara ya ulinzi, ambayo yako jirani kabisa na makaburi hayo. Basi mfikirie kijana wa miaka ishirini mwenye glavu nyeupe, ameinama mbele ya mjane, anamwambia kwamba taifa linamshukuru. Taifa lipi? Hata lile linaloandamana pale jirani?

Mtu anaweza kumshtaki askari huyo kwa mambo mawili.

La kwanza: wenzake wanakufa porini, yeye anapiga pasi sare na kung'arisha viatu. Shtaka hili sisi tunalijua, maana tumekaa salama chini ya turubai huku ndugu zetu wamebaki kule. Lakini askari hajichagulii mahali pa kupangwa, na mkimbizi naye hakuchagua njia yote aliyopita. Kuwa salama si dhambi. Dhambi ni kuwasahau walio hatarini, na yule anayebeba majeneza yao kila siku hawezi kuwasahau.

La pili ni zito zaidi: kwamba anavipamba vita vibaya. Gwaride likipendeza sana, watu wanaweza kusahau kuuliza kwa nini vijana wanakufa. Hapa tumkumbuke Yusufu wa Arimathaya. Alikuwa mtu wa baraza lilelile lililomhukumu Yesu, na Luka anaeleza kwamba yeye hakukubaliana na uamuzi wa wenzake. Hakuweza kuuzuia. Alichoweza ni kwenda kwa Pilato kuomba mwili, akauvika sanda na kuuweka kaburini. Hakuna Mkristo anayedhani kwamba kwa kuzika alikubali msalaba.

Mtu atajibu kwamba Yesu hakuwa na hatia, lakini kijana huyu labda ameua. Ni kweli. Basi mtazameni Daudi kwenye mazishi ya Abneri, jemadari aliyekuwa amepigana naye kwa muda mrefu. Daudi alifuata jeneza kwa miguu akalia kaburini. Lakini hakuishia kwenye machozi. Alitamka wazi, watu wote wakisikia, kwamba mauaji yale yalikuwa maovu. Alilia na kusema kweli siku ileile.

Huo ndio mpaka wa heshima. Heshima isiyosema kweli humdhulumu hata marehemu. Mwaka 1984 mabaki ya Mmarekani aliyekufa Vietnam yalizikwa Arlington kama askari asiyejulikana, Rais Reagan akiwepo. Mazishi yalikuwa ya fahari. Lakini tangu mwanzo zilikuwepo dalili za kumtambua, nazo ziliwekwa kando. Familia moja ilidai jibu. Mwaka 1998 kaburi lilifunguliwa, vinasaba vikapimwa, ikajulikana kwamba ni Michael Blassie, rubani aliyeangushwa mwaka 1972. Ndugu zake walimzika upya kwao Missouri, na kaburi lile la Arlington limebaki tupu. Kwa miaka 14 walinzi walikuwa wamempa heshima zote, isipokuwa jina lake.

Katika makaburi hayohayo ipo sehemu ya 27. Humo wamelala watu weusi zaidi ya 3,800, wengi wao wakiwa watumwa waliotoroka wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakaishi katika kambi kama tunavyoishi sisi. Juu ya mawe yao pameandikwa neno lenye maana ya raia. Na kule Vietnam, ambako wenyeji waliokufa ni zaidi ya milioni moja, familia nyingi bado zinatafuta mifupa ya watu wao. Sisi pia tuna wetu waliobaki kando ya barabara na msituni, bila tarumbeta wala bendera. Bendera haiwezi kuwa ndiyo kipimo cha heshima, la sivyo maskini wote wangekuwa wamekufa bila thamani.

Kwa hiyo, wapendwa, twendeni kwenye matanga yale. Kwanza, tukae na mama, maana machozi yake hayana chama. Pili, tulitaje jina la marehemu, na tusimpe sifa asizokuwa nazo. Tusiseme alikufa kwa ajili yetu kama hatuamini hivyo. Inatosha kusema alikuwa mtoto wetu na tumempoteza. Tatu, akitokea mtu katika msiba huo anayewaita vijana waende kulipiza kisasi, wazee wasimame wamnyamazishe palepale, hata kama ameleta mchango mkubwa wa mazishi. Huyo hakuja kuzika. Amekuja kutafuta wengine wa kuzikwa.

Mungu awafariji wote waliofiwa, na atupe ujasiri wa kulia na kusema kweli pamoja.