Ngoja Ngoja ya Ini

Msomaji, nina swali kabla hatujafika mbali. Mtu akiambiwa asubiri, nani humtunza katika kule kusubiri kwenyewe? Sisemi nani anamtafutia kile anachokisubiri. Hao hupatikana, tena mbio mbio. Nasema leo, usiku huu, saa nane, anapojikuna mpaka damu inatoka.

Swali hili nililipata kwa baba yangu mdogo, fundi cherehani, pale Tanga. Mwaka 2018 aliambiwa kwamba ini lake limesinyaa kwa homa ya ini aina ya B, ambayo alikuwa nayo miaka na miaka bila kujua. Pombe hajawahi kuionja, lakini mtaani wapi bwana! Ini likiharibika watu hukutafutia chupa, na waliokosa chupa walitafuta mchawi. Daktari akasema dawa ya kudumu ni kupandikizwa ini jingine, na hiyo ni safari ya India. Figo zilianza kupandikizwa Muhimbili mwaka 2017, lakini ini ni habari nyingine. Huko India mara nyingi ini hutoka kwa ndugu aliye hai. Hukatwa kipande, na kile kilichobaki kwa mtoaji hukua tena katika miezi michache. Basi tukahitaji vitu viwili, fedha na ndugu wa kukatwa. Mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri, nikapewa daftari la michango.

Wenzetu Marekani wana foleni hasa, maana kule maini mengi hutoka kwa waliokwisha kufa, nayo hayatoshi. Tangu Februari 2002 foleni hiyo hupangwa kwa hesabu inayoitwa MELD: alama 6 hadi 40, mwenye nyingi ndiye aliye karibu zaidi na kaburi, naye hutangulia. Hesabu ilianza na vipimo vitatu vya damu, yaani bilirubini, muda wa damu kuganda, na kreatinini inayoeleza hali ya figo. Sodiamu iliongezwa mwaka 2016. Ikaja kuonekana kwamba wanawake wanapunjwa, kwa sababu misuli yao kwa kawaida ni midogo, na kreatinini yao huonekana ndogo hata kama figo ziko taabani. Mwaka 2023 hesabu ikarekebishwa.

Lakini tazama. Kabla ya 2002 walikuwa wakihesabu pia maji ya tumboni na kuvurugika kwa akili. Vyote viwili vikaondolewa. Kwa nini? Kwa sababu huamuliwa kwa jicho la daktari, na jicho lina huruma, jicho lina upendeleo, tena jicho linaweza kumwongezea mgonjwa maji ambayo hayapo. Kipimo cha damu hakina shemeji. Mimi nakubaliana nao. Foleni ya haki haina budi kuyafumbia macho baadhi ya mateso, la sivyo anayelia sana ndiye atakayetangulia. Ila sasa, haki ikishafumba macho, nani atayafumbua?

Kwetu foleni ilikuwa lile daftari, na daftari nalo halikuandika mateso. Liliandika majina na shilingi. Wakati huo baba mdogo alikuwa akilala mchana na kukesha usiku. Siku moja akamshonea mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto. Tulicheka, Mungu atusamehe. Siku nyingine mama mdogo alimkuta ameshika chaki, anatazama kitambaa kama mtu aliyepewa barua ya lugha ya kigeni. Tukasema ni mawazo. Kumbe ini likichoka, sumu inayotoka utumboni haichujwi ipasavyo, hupanda mpaka kwenye ubongo. Dawa yake ya kwanza ni shira ya laktulosi, tamu kama sharubati, nayo hupimwa kwa namna rahisi kabisa: mgonjwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Basi. Shira tulikuwa nayo kabatini! Tuliambiwa ni ya kulainisha choo, na yeye aliona aibu kukimbilia msalani mbele ya wateja, akaiacha. Hakuna aliyetueleza kwamba choo chake na akili yake ni jambo moja.

La chakula ndilo linaloniuma zaidi. Katika hospitali moja tuliambiwa tumkataze nyama, mayai, hata maharage, eti vitamvuruga akili. Tukatii kwa bidii zote. Akabaki na tumbo kubwa na mikono kama vijiti. Ushauri huo ulikuwa wa kawaida zamani, lakini umekwisha kuachwa. Leo inajulikana kwamba mgonjwa wa namna hii anahitaji protini zaidi ya mtu mzima wa afya, na asikae usiku kucha na njaa, maana ini lisiloweza kuweka akiba huanza kuila misuli. Daktari mmoja kijana ndiye aliyetuambia: mpeni kitu kabla ya kulala. Mama mdogo akawa anapika uji wa maziwa na karanga saa nne za usiku. Uji, msomaji! Kitu kilichokuwepo jikoni muda wote.

Rafiki yangu mmoja, kichwa chake ni cha hesabu, alinibishia. Alisema katika nchi za watu maskini kila shilingi ya kumpoza mgonjwa ni shilingi iliyopungua kwenye ini lenyewe. Nilimjibu kwamba uji hauli nauli ya ndege, na kwamba aliyeisha misuli hufa zaidi, kabla ya upasuaji na hata baada yake. Akanyamaza. Mimi ndiye sikuridhika. Maana nikisema atunzwe ili afike salama mezani kwa mpasuaji, basi yule asiyefika mezani nimemtupa. Na hao ni wengi. Hata huko Marekani kila mwaka wapo wanaoondolewa kwenye foleni kwa kuwa wamezidiwa mno. Je, siku jina linapofutwa, muwasho nao hufutika? Maji ya tumboni hukauka? Mtu anatunzwa kwa kuwa anaumwa. Sioni haja ya kutafuta sababu ya pili.

Kuna tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso na kumsikiliza yeye na jamaa zake. Haikuja kwetu jana. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, Hospice Africa ya Kampala mwaka 1993. Lakini neno lenyewe likitajwa, watu husikia sanda. Mwaka 2022 chama cha Marekani cha wataalamu wa magonjwa ya ini kilitoa mwongozo kwamba huduma hiyo apewe mgonjwa mwenye ini lililofikia hali mbaya, awe anasubiri ini au hasubiri. Nami naafiki. Ila siwezi kujifanya kwamba ni jambo jepesi. Baba mdogo alipotajiwa alikunja uso, akasema, "Mwanangu, hao ni wa watu wanaokufa. Mimi ni wa India." Ungemjibu nini? Tumaini lilikuwa lake. Ninachojua ni kwamba sisi tulilitumia tumaini lake vibaya, kwa kila alichoomba tulimwambia: ukirudi India.

Aliomba kumaliza kanzu ya harusi ya mwanawe. Ukirudi India. Aliomba tusimkate mwanawe huyo huyo, maana vipimo vilionyesha ndiye anayefaa, naye kijana alikuwa tayari kabisa. Tukamwambia anyamaze, asitukate maini. Hakuna aliyekaa naye kumuuliza anaogopa nini, na kama kukataa kwake ni ugonjwa unaosema au ni baba anayesema. Nimelifikiria sana, mpaka leo sijui lilikuwa lipi, na sasa halijulikani tena. Aliomba pia apelekwe Pangani kwenye kaburi la mama yake. Tukaogopa barabara, tukaogopa gharama. Mimi mwenyewe nilifungua daftari nikamwonyesha tumebakiza kiasi gani, nikidhani namtia moyo. Akatazama, akasema, "Mwandiko wako mzuri."

Alifariki Machi 2019, usiku, alitapika damu. Fedha zilizokuwa zimekusanywa tulizirudisha kwa waliozitaka, na nyingine zikalipa deni la hospitali. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita hamsini.