Raha Si Siha

Suala hili laulizwa misikitini na majumbani: mtu mwenye pumu akiamka asubuhi kifua chake ki chepesi, hana kikohozi wala mlio, ana haja gani ya kuvuta dawa? Na akiiacha kwa kusema kuwa amtegemea Mwenyezi Mungu, je, huko ni kutawakali au ni kupuuza? Suala laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa, nalo ni kupambanua baina ya raha na siha. Wengi wetu twavichanganya viwili hivi.

Sisi tulio huku Kisumu, pale ilipoishia reli iliyofika ziwani mwaka 1901, twaishi na moshi. Ufuoni Dunga na fuo nyinginezo samaki hukaangwa na hukaushwa kwa moto wa kuni. Samaki aitwaye mbuta aliingizwa katika ziwa hili miaka ya 1950, na kwa kuwa nyama yake ina mafuta mengi, hakauki vyema juani kama akaukavyo dagaa. Sharti apitie motoni. Mama anayeinama juu ya moto huo miaka ishirini aweza kupata maradhi sugu ya mapafu ingawa hajavuta sigara hata siku moja. Kwenu nyinyi mlio Mombasa, Malindi na Lamu, huenda moshi ukawa wa mkaa jikoni, wa sigara barazani, au wa udi chumbani. Lakini kifua cha binadamu ni kile kile.

Basi na tuitazame dawa yenyewe. Wengi waijua ile inhela ya rangi ya samawati, ambayo mtu akiivuta hufunguka pumzi kwa dakika chache. Iko nyingine, nayo ni ya mchanganyiko: dawa mbili katika kifaa kimoja. Moja hulegeza misuli inayobana mirija ya hewa, na kazi yake hudumu kiasi cha saa 12. Ya pili ni ya jamii ya steroidi, nayo hupunguza uvimbe uliomo ndani ya mirija, ambao ndio asili ya pumu. Hii ya pili haina haraka. Mgonjwa haihisi ikifanya kazi, na manufaa yake huonekana baada ya siku na wiki za kuishika bila ya kuiacha.

Hapa ndipo nafsi inapomdanganya mtu. Huipenda dawa imfungulie kifua sasa hivi, na huidharau ile imtengenezayo kimya kimya. Marekani ulifanywa utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2006, wa wagonjwa zaidi ya 26,000 wa pumu. Waliongezewa dawa ya kufungua ya muda mrefu walikufa kwa pumu 13, na miongoni mwa wenzao wasioongezewa walikufa 3. Yaani raha yaweza kuuficha ugonjwa hata ukamaliza kazi yake. Lakini dawa hiyo ilipotiwa pamoja na steroidi katika kifaa kimoja, tafiti kubwa zilizofuata hazikuona khatari hiyo ikizidi, na mwaka 2017 wakuu wa dawa wa Marekani waliliondoa onyo lao kali juu ya mchanganyiko huo. Mwaka 2019 jumuiya ya kimataifa ya pumu, GINA, ilitoa mwongozo kuwa watu wazima na vijana wenye pumu wasitibiwe kwa dawa ya kufungua kwa haraka peke yake.

Jawabu letu basi ni hili: mwenye kuiacha dawa aliyoandikiwa siku ya wepesi hakutawakali, bali ameidhania raha kuwa ndiyo siha. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, na hapana mtu aliyemtegemea Mola wake kumshinda yeye. Kutawakali ni kuitenda sababu kisha kumwachia Mwenyezi Mungu natija yake. Mkulima hangoji mvua kabla ya kupanda. Nayo pumzi ni amana. Mwenye kuwekewa amana hulaumiwa kwa kuipuuza hata kama hakukusudia kuipoteza.

Wako wasemao, "Lakini Ramadhani je?" Wanavyuoni wamekhitalifiana. Masheikh Ibn Baz na Ibn Uthaymin wa Saudia waliona kuwa dawa hii haifunguzi saumu. Na wengine, wakiwamo wengi wa madhehebu yetu ya Shafi, waona kuwa yafunguza kwa kuwa ni kitu kinachoingia ndani. Khitilafu hiyo haimpi mtu udhuru wa kuiacha dawa mwezi mzima. Dawa ya mchanganyiko aghalabu huvutwa asubuhi na jioni. Basi kwa shauri la daktari yawezekana kuvutwa wakati wa daku na baada ya kufuturu, na saumu ikasalimika kwa kauli zote. Ama atakayebanwa na kifua mchana, na aivute dawa yake ya kuokoa papo hapo. Akiwa afuata kauli ya wasemao kuwa imefunguka, atalipa siku nyingine, na rukhsa ya mgonjwa imo katika Qur'ani. Kungoja magharibi huku midomo yageuka rangi si uchamungu.

Tena kuna adabu za dawa hii, na kuzijua ni katika kuihifadhi amana. Ile ya kupuliza hutikiswa kwanza. Mtu hutoa pumzi, huvuta polepole na kwa kina, kisha huizuia pumzi kiasi cha sekunde 10. Ile ya unga huvutwa kwa nguvu na haraka. Asiyeweza kuvuta sawasawa na kupuliza, khasa mtoto, atumie chupa ya kupokelea. Utafiti wa Cape Town uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa kwa watoto hata chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitengenezwa sawasawa, yafaa kama ile ya dukani. Baada ya kuvuta, mtu asukutue na ateme, ili utando mweupe wa fangasi usimwote mdomoni. Na mwenye kuvuta kabla ya kutia udhu huipata sukutua hiyo humo humo. Asizidishe kipimo, wala asimwazime mwenziwe. Na ajue kwa daktari kama dawa yake yafaa wakati wa kubanwa, kwani baadhi ya michanganyiko yafaa na baadhi haifai. Mwenye maradhi sugu ya mapafu yasiyokuwa pumu asijipe hukumu ya pumu, maana kwake steroidi yaweza kuzidisha nimonia, na si kila mmoja aihitaji.

Limebaki jambo lituhusulo sote. Inhela ya samawati ni rahisi, na ya mchanganyiko ni ghali kuliko hiyo. Masikini hununua raha kwa sababu siha imemshinda bei. Tukimlaumu yeye peke yake tumedhulumu. Twakusanya fedha za zulia la msikiti kwa wiki moja, na jirani yetu akoroma usiku kucha nyuma ya ukuta. Naye fakiri ni wa kwanza katika wenye haki ya zaka. Na yule avutaye sigara katika chumba alalamo mtoto mwenye pumu, asidhani kuwa ni khiyari yake mwenyewe, kwani pumzi anayoichafua si yake.

Ewe ndugu msomaji, zitazame dawa zilizomo nyumbani mwako, uulize ipi ni ya kuokoa na ipi ni ya kutengeneza, na ile ya pili usiiache kwa kuwa leo u mzima. Huenda ukawa mzima leo kwa sababu yake. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuponya, naye ndiye aliyeziumba sababu.