Shomoro wa Tano

Soma Luka 12:6, Kumbukumbu la Torati 22:6, 7, Ayubu 38:26.

Ukisimama Mnyuzi asubuhi na kutazama upande wa Amani, mara nyingi huoni milima bali ukungu. Ndani ya ukungu ule anaishi ndege mdogo kuliko shomoro, wa rangi ya kijivu, ambaye wataalamu humwita mshonaji mwenye mdomo mrefu. Alielezwa kisayansi mwaka 1931, akapewa jina la Reginald Moreau aliyekuwa akifanya kazi Amani. Mwaka 1945 alipatikana pia Njesi, kaskazini mwa Msumbiji. Zaidi ya sehemu hizo mbili hajulikani kuwapo popote duniani. Hupenda mahali ambapo mti mkubwa umeanguka, jua likaingia na mimea itambaayo ikajisuka pamoja. Wamebaki wachache.

Sabato moja nilimtaja darasani. Ndugu mmoja akauliza, “Mwalimu, huyo ndege analisha nani?” Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu karo yangu ya shule ililipwa na iliki ya baba. Iliki hupandwa chini ya kivuli cha msitu, na ukifyeka ili uipande, ule msuko wa mimea ndio wa kwanza kuondoka. Miche ya miti nayo hung’olewa, hata miti mikubwa ikifa haina warithi. Kwa hiyo siwezi kumrushia ndugu yule jiwe.

Lakini swali lake linastahili jibu. Kwa kawaida tunasema, tuutunze msitu kwa ajili ya maji. Ni kweli, Mto Zigi hutoka huko na jiji la Tanga linaunywa. Ila hoja hiyo haimgusi ndege huyu. Maji yangetiririka hata bila yeye. Kama thamani ya kiumbe ni faida anayotupa, basi hana thamani, na ndugu yule ameshinda.

Yesu alitaja bei ya shomoro sokoni: watano kwa senti mbili. Katika Mathayo 10:29 wawili ni kwa senti moja. Hesabu ukaone kwamba wa tano ni nyongeza tu, kama nyanya ya mwisho ambayo mama muuzaji hukutupia kikapuni. Huyo asiye na bei ndiye Mungu hamsahau. Na katika Ayubu, Bwana anaeleza kwamba huleta mvua hata nyikani asikokaa mtu. Anawatunza wengi ambao hatutawaona kamwe, wala hakungoja tuwahitaji.

Je, basi hatuna ruhusa ya kutumia chochote? Torati haisemi hivyo. Ukikuta kiota, waweza kuchukua makinda, bali mama yao umwache aende zake. Kula, lakini usikate chanzo. Ajabu ni ahadi iliyofungwa hapo: maisha marefu, ahadi ileile aliyopewa anayewaheshimu baba na mama (Kutoka 20:12).

Wako watakaosema kwamba Yesu yu karibu kuja, na dunia hii itateketezwa (2 Petro 3:10), hivyo tusihangaike na ndege. Nami naamini marejeo hayo kwa moyo wote. Ila mwili huu nao utabadilishwa (1 Wakorintho 15:51-53), na hatujasema kwamba kwa sababu hiyo tuvute tumbaku na kunywa pombe. Tunautunza kwa kuwa si mali yetu. Sijaelewa kwa nini hoja hiyo tuitumie juu ya mapafu na tuiache juu ya msitu. Aliyeambiwa ailime bustani aliambiwa pia aitunze (Mwanzo 2:15).

Linabaki jambo gumu, nalo naliacha kwa darasa. Mshiriki mwenzenu ana shamba dogo mpakani mwa msitu. Januari inakaribia, mtoto amechaguliwa kidato cha kwanza, sare na daftari hazijanunuliwa, na mahali pekee pa kuongeza iliki ni ng’ambo ya mpaka. Mkimwambia, “Mwache mama ndege aende zake,” mko tayari kugawana naye gharama ya kumwacha? Kiasi gani, na kutoka mfuko wa nani?