Akiba Huoza

Aliyetunga methali ya "akiba haiozi" hakuwahi kuhifadhi mahindi. Kwetu Lembeni, chini ya milima ya Upare, kwenye ule ukanda mkavu ambao mvua huupita ikienda kunyesha Usangi, kila nyumba inajua kwamba akiba huoza, tena huoza kwa adabu. Dumuzi hula punje kutoka ndani na kuacha unga, huku gunia likibaki limeegemea ukuta vilevile lilivyoegemezwa baada ya mavuno. Ukilitazama ni gunia. Ukilibeba ndipo unashangaa uzito.

Nimekuwa nikilifikiria gunia hilo kwa sababu isiyohusu kilimo. Nasoma shahada ya uzamili katika mifumo ya kompyuta, na tasnifu yangu inahusu kazi ambayo haitajwi kwenye hafla yoyote: kutunza seva za bakapu, yaani mashine ambazo kila usiku hunakili taarifa za taasisi na kuziweka kando, zikisubiri siku ya msiba. Walimu wangu wanataka niandike juu ya kasi na gharama. Swali lisilonitoka kichwani ni la aina nyingine. Mtu anayekuambia "nimekutunzia" anadaiwa nini hasa? Kuweka tu, au pia kufungua na kutazama?

Wakati wa mafunzo kazini jijini Dar es Salaam nilipangiwa kitengo cha TEHAMA cha taasisi moja inayotunza kumbukumbu za michango ya wanachama wake. Chumba cha seva kilikuwa na baridi ya kuvalia sweta, na pembeni palikuwa na kabati la chuma lililojaa kanda za sumaku. Wengi wa rika langu hudhani kanda zilikufa pamoja na kaseti za taarabu. Hazikufa. Kanda moja ya LTO ya kizazi cha 8, inayoenea kiganjani, hubeba terabaiti 12 kwenye utepe wa mita 960, na ikishatolewa kwenye mashine hakuna mdukuzi wa kuifikia, kwa kuwa haijaunganishwa na kitu chochote. Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua pepe za sehemu ndogo ya watumiaji wa Gmail, Google ilizirudisha kutoka kwenye kanda.

Utaratibu wa kuzungusha kanda una jina lililonifurahisha nilipolisikia mara ya kwanza: babu, baba na mwana. Kanda za kila siku ndizo wana, na huandikwa upya baada ya muda mfupi. Za kila wiki ni baba. Za kila mwezi ni babu, na pale kwetu zilikaa mwaka mzima kabla ya kufutwa.

Kila asubuhi ripoti ilitoka na neno moja la kijani: Imekamilika. Fundi wa zamu aliisaini, mkuu wake akaisaini, ikaingia kwenye faili. Diski mbili za seva kuu zilipokufa ndani ya wikiendi moja (mfumo ulipangwa uvumilie kifo cha moja), hakuna aliyetokwa jasho. Tulikuwa na babu kumi na wawili kabatini.

Wote walikuwa watupu. Miezi kumi na minne nyuma hifadhidata ilihamishiwa kwenye diski mpya, lakini kazi ya bakapu ikaachwa ikielekea kwenye folda ya zamani, ambayo bado ilikuwepo na mabaki machache ndani yake. Programu iliagizwa kunakili folda ile, nayo ikainakili kila usiku kwa uaminifu kamili. Haikusema uongo, kazi ilikamilika. Ukoo mzima ukarithi utupu. Na dalili ilikuwa mbele ya macho kwa yeyote ambaye angelibeba gunia: kwenye ukurasa uleule wa ripoti, mistari miwili chini ya neno la kijani, uliandikwa ukubwa wa kilichonakiliwa, na siku moja tarakimu ile ilishuka kutoka mamia ya gigabaiti hadi mbili na kidogo.

Ikapatikana kanda moja ya zamani, ya kufunga mwaka, ya kizazi cha 5. Mashine yetu ilikuwa ya kizazi cha 8. Mashine za vizazi vya kabla yake ziliweza kusoma kanda za vizazi viwili nyuma, lakini ya kizazi cha 8 husoma kimoja tu. Tukawa tumeshika mkononi kitu ambacho huenda ndicho kilichobeba kila kitu, na hatukuwa na jicho la kukisomea. Ilipoazimwa mashine ya zamani, kanda ilisomeka vizuri hadi karibu na mwisho, kisha ikagoma. Mafaili ya miaka ya nyuma kabisa, yaliyoingizwa kwa mkono kutoka kwenye leja za karatasi, yalikuwa huko mwishoni.

Lawama ilitafuta mtu, ikamkuta fundi. Kwenye kikao aliulizwa, "Uliandika bakapu ziko salama. Ulidanganya?" Akajibu, "Mkuu, niliamini." Nilimwamini wakati ule, na bado namwamini. Tatizo ni kama jibu lake linatosha.

Mwaka 1877 mwanahisabati mmoja Mwingereza, W. K. Clifford, aliandika insha juu ya maadili ya kuamini. Anamsimulia mwenye meli ambaye chombo chake kimechakaa. Wasiwasi unamjia, naye anautuliza: meli imeshavuka safari nyingi, hata hii itavuka. Anaipakia abiria akiwa na imani ya kweli moyoni, nayo inazama nao. Clifford anamhukumu kwamba hakuwa na haki ya kuamini alichoamini, kwa sababu imani ile hakuipata kwa kuikagua meli, aliipata kwa kuuzima wasiwasi. Kisha anakaza zaidi: hata kama meli ingefika bandarini, hatia yake isingepungua, ila tu hakuna ambaye angeijua. Sisi tuliokua tukisimuliwa habari za MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria Mei 1996, hatuhitaji kuelezwa mara mbili kwa nini mtu achague mfano wa meli.

Nakubaliana na Clifford, lakini fundi wetu hakuwa mwenye meli. Kujaribu kurejesha taarifa kunahitaji seva ya ziada, nafasi kwenye diski na nusu siku ya mtu anayejua anachokitafuta. Mara mbili aliomba seva hiyo kwenye bajeti, mara mbili ikakatwa. Ukiwaza kihasibu, waliokata walikuwa na mantiki: unanunua kitu ambacho kikifanya kazi vizuri hakibadilishi chochote. Jaribio likifaulu, siku inayofuata ni kama iliyotangulia. Taasisi ilikuwa imeajiri mtu wa kuiambia "salama" na kumnyima njia ya kujua kama ni salama, halafu ikamshitaki kwa kusema. Kwa maoni yangu hatia kubwa ni ya yule aliyenunua neno la kijani kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko kuonyeshwa.

Wakubwa wa dunia hawako mbali na hapo. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za watayarishaji wa programu duniani kote, alifuta hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye seva nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili, na siku hiyo hakuna hata moja iliyofanya kazi ya kutegemewa. Bakapu ya kila siku ilikuwa ikishindwa muda mrefu kwa sababu ya kutolingana kwa matoleo ya programu. Barua pepe za kutoa taarifa kwamba inashindwa zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Hebu fikiria: tarishi alikuja kila siku kusema ghala linaungua, na kila siku aligeuzwa getini kwa kukosa kitambulisho. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Sifa yao ni kwamba walieleza yote hadharani. Sijaona ofisi ya kwetu ikifanya hivyo, na ningependa kuiona.

Lugha yetu ina neno zito kuliko bakapu, nalo ni amana. Katika fiqhi ya Kiislamu, aliyewekewa amana halipi ikipotea bila uzembe wake, kwa hiyo mzigo wote wa hoja unaangukia kwenye neno uzembe. Wakristo nao wana yule mtumwa wa Injili ya Mathayo aliyeifukia talanta ardhini. Mahubiri huwa yanamkemea, lakini mimi kama mtu wa bakapu nina huruma naye kidogo: alipodaiwa alifukua, na kitu kilikuwepo, kamili.

Walioweka bila kufungua nao nisiwanyime haki yao. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio kuu nchini, na bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz zilirekodi kwenye kanda zake kubwa za kuzungusha. Kanda hizo zilibaki rafuni, na ndiyo sababu vijana walioanzisha Tanzania Heritage Project mwanzoni mwa miaka ya 2010 walikuwa na kitu cha kuchangishia fedha ili kihamishiwe kwenye kompyuta. Aliyefunga mlango na kutunza ufunguo alifanya jambo. Ila muziki huo hauwezi kuhamishwa bila mtu kuketi na kuicheza kila kanda kwa mwendo wake, akisikiliza. Hakuna njia ya mkato ya kujua kama Mbaraka Mwinshehe bado anaimba humo.

Milimani kwetu wanalijua hili kupitia maji. Ndiva ni bwawa dogo la udongo: maji ya mfereji hulijaza usiku, asubuhi hufunguliwa, mashamba yakanywa kwa zamu. Tope hujikusanya chini kila siku. Ndiva iliyojaa tope, ukiitazama kutoka ukingoni, ni bwawa lililojaa. Mwenye zamu ya mwisho ndiye anayegundua, maji yanapokatika kabla ya kufika kwake. Kwa hiyo watu huitana msaragambo, kila kaya na jembe lake, wakachimba tope. Naipenda ndiva kuliko kabati letu la chuma kwa sababu moja: hufunguliwa asubuhi na mapema, kwa hiyo haiwezi kudanganya kwa miezi kumi na minne.

Hapa kuna pingamizi ninalolichukulia kwa uzito. Mtunza amana mwema tangu zamani amesifiwa kwa kutofungua. Jirani akikuachia bahasha, heshima yako ni gundi kubaki ilivyo. Seva niliyokuwa nikiilinda ilikuwa na mishahara ya watu, majina ya warithi wao, tarehe za kuugua kwao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo kwa sababu ofisi zetu zimezoea kuchungulia. Je, ukaguzi niupendao siyo leseni ya uchunguzi? Kuna njia za kupunguza: mashine inaweza kulinganisha alama za mafaili bila binadamu kuyasoma, inaweza kuhesabu safu na kupima ukubwa. Lakini programu yetu nayo ilihesabu, na ilikuwa sahihi. Folda tupu ikilinganishwa na nakala yake tupu hufanana kabisa. Mahali fulani lazima awepo mtu anayejua kilichopaswa kuwemo, na anayejua zaidi ya wote ni mwenye mali. Nadhani mwenye mali aitwe. Mara moja kwa mwaka, mwanachama aonyeshwe kumbukumbu zake zikiwa zimerejeshwa kutoka kwenye kanda, siyo kutoka kwenye seva inayotumika, aseme kama ni zake. Wataalamu niliowaambia wamecheka. Ni ghali, wanasema, na watu wataleta malalamiko. Naam, watayaleta.

Taasisi iliwatangazia wanachama wa zamani walete hati zao za mishahara. Baba yangu mkubwa, aliyefanya kazi kiwandani Tanga miaka ya 1980 na 1990, alikuwa mmoja wao. Nilipofika Lembeni nilimkuta uani, hati zimetandazwa juu ya mkeka, kila safu na jiwe lake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Njoo ushike huku, upepo huu mwizi."

Nilidhani amezitoa kwa ajili ya tangazo. Kumbe huzitoa kila kiangazi, huzianika, huzisoma moja moja, huziandika idadi kwenye daftari, kisha huzirudisha kwenye sanduku la bati pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Nikamuuliza kwa nini anasumbuka kila mwaka, si anajua zimo sandukuni?

"Anayejua ni nani?" akasema, na akaendelea kuhesabu.

Daftari linaonyesha kwamba mwaka 2009 zilipungua mbili, kazi ya panya. Alipanda basi hadi Tanga akaomba nakala, na wakati huo kiwandani bado kulikuwa na karani aliyemkumbuka. Safari hii michango yake yote imekubaliwa isipokuwa miezi mitatu ya mwaka 1991, ambayo wino wake umefifia. Aliisoma kiangazi cha mwaka juzi ilipokuwa bado inaonekana kwa shida, akainakili kwenye daftari kwa mkono wake, tarakimu kwa tarakimu, na tarehe. Ofisini wamemwambia daftari si ushahidi. Amekata rufaa.