Malisho ni ya Nani?

Kurani Tukufu yatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu amemwumbia binadamu vyote vilivyomo ardhini. Wako watu ambao, wakiisha kulisikia fundisho hilo, hufunga mlango wa hoja: ikiwa vyote ni vyetu, basi nyasi ni za ng'ombe wetu, na pundamilia akatafute pengine. Lakini Kitabu kile kile chafundisha pia kwamba ardhi imewekwa kwa ajili ya viumbe, na kwamba wanyama na ndege nao ni umma kama sisi tulivyo umma. Je, mafundisho haya mawili yapingana? Swali hili si la wanazuoni peke yao. Kwetu sisi tukaao chini ya Kilimanjaro, ni swali la kila kiangazi.

Utazame kwanza mlima wenyewe. Upande wa Moshi, toka Machame na Kibosho hata Marangu, Wachagga wengi hawachungi kabisa. Ng'ombe hufungwa bandani ndani ya kihamba, huletewa majani na vipande vya migomba, na samadi yake hurudi kwenye migomba na kahawa. Sehemu kubwa ya majani hayo hupanda kutoka tambarare yakiwa vichwani mwa akina mama (na wausifuo mno ufugaji huu, aghalabu hawajapata kuubeba mzigo huo). Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili kandokando ya msitu ili wananchi wapate mahitaji yao humo; na mwaka 2005 msitu wenyewe uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1973. Lakini magharibi na kaskazini ya mlima hali ni nyingine. Huko Enduimet, Wamasai huchunga katika nyika ile ile wapitamo tembo, pofu na pundamilia baina ya mlima na Amboseli nchini Kenya, kwa ushoroba wa Kitendeni. Hapo mdomo wa ng'ombe na mdomo wa mnyama wa porini hukutana juu ya jani moja.

Wakikutana huwaje? Wengine hudai kuwa mifugo siku zote huwadhulumu wanyama wa porini, wengine kuwa hapana ugomvi wowote baina yao. Ukweli una majira. Huko Laikipia, Kenya, tangu mwaka 1995 watafiti wamezungushia ua vipande vya malisho: kimoja waingie ng'ombe peke yao, kingine waingie pamoja na wanyama wa porini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa wakati wa kiangazi ng'ombe waliolisha pamoja na wanyama wa porini waliongezeka uzito kidogo kuliko waliolisha peke yao. Lakini wakati wa mvua waliongezeka zaidi, maana pundamilia hula mabua marefu yaliyokauka na kumwachia ng'ombe jani laini. Jirani ni yule yule. Majira ndiyo yamfanyayo mshindani au msaidizi.

Hata maradhi yao yameshikana. Sotoka, iliyoenea katika nchi zetu miaka ya 1890, iliua ng'ombe na nyumbu bila kubagua. Ng'ombe walipochanjwa, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka kiasi cha robo milioni mwaka 1961 hata kupita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Sindano alichomwa ng'ombe, akapona nyumbu! Tena, nyumbu wanapozaa, ndama wao hueneza ugonjwa umwuao ng'ombe. Kwa hiyo Wamasai wa Ngorongoro wamezoea kuhamisha mifugo yao msimu huo na kuwaachia wanyama nyasi fupi zilizo bora. Hofu ya maradhi imewafundisha kupeana zamu.

Na zamu ndiyo hukumu tuionayo katika habari za Nabii Salih a.s. na watu wake, Thamudi. Palikuwa na maji, palikuwa na ngamia jike, na palikuwa na watu. Ngamia aliwekewa siku yake ya kunywa, na watu siku yao. Thamudi hawakulaumiwa kwa kunywa maji. Walilaumiwa kwa kutoivumilia siku isiyokuwa yao. Basi kuumbiwa kitu si kupewa ruhusa ya kukimaliza. Mgeni huandaliwa sinia, nalo ni kwa ajili yake kweli, lakini hanyoshi mkono upande wa mwenziwe waliyekaa naye.

Utaniuliza: na mtoto wa mfugaji anyweaye maziwa ya ng'ombe yule, afe ili swala aishi? Hasha. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa Mkomazi, katika mkoa wetu huu na ule wa Tanga, na kumwondoa maskini malishoni bila kumwonyesha malisho mengine ni kuihamisha dhuluma tu kutoka kiumbe hata kiumbe. Sayidna Umar r.a. alipoyatenga malisho ya Rabadha, alimwagiza msimamizi wake Hunayy amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan. Hawa walikuwa masahaba wakubwa, wala hakuwavunjia heshima. Sababu yake ilikuwa kwamba mifugo yao ikifa, wanayo mashamba na mitende ya kurudia, bali maskini atamjia yeye pamoja na watoto wake akilia.

Pima kwa kipimo hicho. Mwenye ng'ombe mia nane akaaye mjini, akamwajiri kijana awaswage usiku kuingia hifadhini wakati wa ukame, hawezi kujificha nyuma ya njaa ya mchungaji wake. Yeye ana duka, na ana nyumba za kupangisha. Pofu wa Kitendeni hana.