Mgeni Asiyetaka Kuwa Mzigo



Tulipostaafu kazi ya ualimu sisi wawili, mume na mke, tuliahidiana kwamba kabla miguu haijagoma tutakwenda kuiona nchi tuliyowafundisha watoto kwa ramani ya ukutani, na njiani tutawatembelea wale tuliosoma nao chuo cha ualimu Korogwe. Tukaahidiana na jambo la pili, nalo ndilo linalotufanya tuandike: tusiwe mzigo kwa mtu awaye yote.

Huko Marekani wako wastaafu wasafirio kwa gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Sisi tuna Noah iliyochoka. Tuling'oa viti vya nyuma, tukatandika godoro, tukapakia jiko la mafuta, ndoo na mchele, tukatoka Muheza kama kobe na nyumba yake mgongoni.

Safari ilikuwa njema. Kutoka Mombo tulipanda hadi Lushoto, na pale Irente tukasimama juu ya jabali tukiitazama nchi tambarare chini kabisa, hata mmoja wetu akashikwa na kizunguzungu (hatutamtaja). Moshi tulikaa siku mbili tukiungoja Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, uvue mawingu. Ulikubali alfajiri moja, kwa dakika chache tu. Rafiki yetu wa hapo amejaliwa. Alitupa chumba chenye bafu lake, nasi tukalala bila ubishi. Godoro letu likabaki garini.

Kisha tukapita Arusha na Babati hadi Kolo, wilaya ya Kondoa, penye michoro ya miambani iliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kupanda kule kwa umri wetu si mchezo, lakini chini ya mwamba uliojitokeza kama dari tuliwaona watu wembamba na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu, nasi tukasahau magoti.

Mbele kidogo anakaa mwenzetu mwingine, mjane, katika nyumba ya vyumba viwili pamoja na wajukuu watatu. Tulifika jioni, tukaiona hali, tukamwambia kwa upole, "Dada, usisumbuke. Tutalala garini, na chakula tunacho."

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na Moshi mlilala wapi, walimu?"

Hatukuwa na jibu. Kumbe ameazima godoro kwa jirani, na jogoo amekwisha kumfunga kamba. Kwa tajiri tulipokea kitanda bila kufikiri. Kwa maskini tulikataa, tukaita huruma. Lakini huruma ile ilimwambia nini, ila kwamba hana cha kutupa? Darasani tulifundisha miaka mingi habari za nabii Eliya aliyemwomba mkate mjane wa Sarepta, mwenye konzi ya unga tu, tena akataka wake utangulie. Watoto walikuwa wakiuliza, "Mwalimu, hakuona haya?" Tuliwajibu upesi upesi ili tumalize somo.

Wala tusijidanganye upande wa pili. Jogoo yule angeuzwa akanunua madaftari ya wajukuu. Wako wageni walao nyumba za watu mpaka zikakauka, kisha wakasifu ukarimu wa Mwafrika. Aliye na chakula chake garini akingoja mwenye njaa amlishe ana hesabu ya kutoa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini hawakusema afike na jembe begani siku ya kwanza, kuonyesha kwamba hahitaji mtu.

Basi tulilala ndani, juu ya godoro la jirani. Jogoo tulimla. Mchele wetu tuliutoa ukapikwa pamoja, na hilo hakulikataa. Kwake lilikuwa jambo jingine kabisa, na tulipolifikiri tuliona kweli ni jingine, ingawa hata sasa tunashindwa kueleza vizuri mpaka upo wapi.

Tuliporudi nyumbani tulimtumia shilingi elfu hamsini kwa simu, za madaftari. Kesho yake zilirudi, pungufu ya makato. Ukafuata ujumbe: mwezi wa Desemba anakuja Muheza kwa basi, na tusisumbuke, godoro lake atalibeba mwenyewe.